Nguo Ikining'inia, Kuna Mtu

Mama Rehema amesema nisiondoke dukani bila kuwaachia kitu cha kusoma. "Unastaafu, Mwalimu," alisema huku akipanga koki kwenye rafu, "na mstaafu huacha maneno." Ni utani wake. Sijafika hata miaka thelathini. Ila nimefunga vifaa vya bafuni hapa Singida mjini tangu nimalize chuo cha ualimu nikasubiri ajira, nikasubiri, nikasubiri, na sasa nimepangiwa shule Nduguti. Nyie wawili, Zawadi na Iddi, ndio mtakaoshika drili baada yangu. Mwanzo huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi mno, nikiogopa kwamba mtaucheka. Nimeuacha hivi hivi. Mkitaka kucheka, chekeni.

Habari za mshahara sitazigusa, mnazijua. Za cheo pia sitazigusa, kwa sababu dukani cheo ni kimoja tu na anacho Mama Rehema. Nitasema habari za kazi.

Siku ya kwanza nilidhani nimekuja kuuza. Niliona rafu zimejaa visahani vya sabuni, vioo, mapazia ya bafu, vyuma vya taulo, kulabu za kutundikia nguo, vishikio vya karatasi ya chooni, nikasema moyoni, haya ni mambo ya kusimama nyuma ya kaunta na kutabasamu. Kumbe mteja wa hapa hanunui kulabu, ananunua kulabu iliyokwisha kufungwa. Ana bafu lililochoka, hana uwezo wala hamu ya kubomoa, anataka lionekane jipya kwa vitu vidogo vidogo. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshapakiwa kwenye bodaboda nyuma ya fundi Hamisi, nimekumbatia sanduku la vifaa kama mtoto mchanga.

Hamisi ndiye aliyenifundisha. Ni mtu wa maneno machache na chai nyingi. "Marumaru haipigwi," aliniambia, "inabembelezwa." Bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwa umbo la msalaba pale unapotaka tundu, ili ncha ya drili isiteleze. Zima kitufe cha nyundo, kile kinachofanya drili igonge. Anza taratibu, dondoshea maji. Tazama vumbi: likiwa jeupe bado uko kwenye marumaru, likigeuka jekundu umefika kwenye tofali, badilisha ncha na sasa unaweza kuwasha nyundo. Usitoboe juu wala chini ya koki, maana bomba hupanda au hushuka wima ndani ya ukuta. "Haliendi mshazari," alisema, "isipokuwa lililofungwa na shemeji wa mwenye nyumba."

Ile ya mwisho ilininyima raha. Kila nyumba niliyoingia niliuliza nani alifunga mabomba na ana undugu gani na mwenyewe. Tundu langu la kwanza nilisimama nalo mbele ya ukuta, drili mkononi, nikiwaza maji yatakavyoruka, umeme utakavyonipiga, marumaru itakavyopasuka kutoka dari hadi sakafu, na mwenye nyumba atakavyonipeleka polisi. Nilisimama hadi mwenye nyumba akaniletea chai akidhani nimechoka. Nilikunywa. Kisha nikatoboa. Vumbi lilitoka jeupe, likageuka jekundu, na hakuna kilichopasuka. Hamisi alitazama tundu, akaingiza plagi ya plastiki ya kushika skrubu, akasema, "Haya. La pili lipo pale." Hiyo ndiyo pongezi kubwa aliyowahi kunipa.

Sumaku nawaachia. Ni ile nyeusi ya spika mbovu, iko kwenye droo ya chini. Maji yetu yana chumvi, mnaiona kwenye birika la chai, na kitu chochote cha chuma kilichopakwa mng'aro juu kitaanza kutoa vipele vya kutu kabla mteja hajakizoea. Sumaku ikikishika kwa nguvu, mwambieni mteja ukweli hata kama Mama Rehema anawatazama. Vifaa vya kunyonya ukutani kwa mpira msimuuzie mtu mwenye hasira. Vitaanguka, na ataleta dukani kifaa, sabuni, na hasira yenyewe.

Kuhusu sura ya bafu, Mama Rehema ana kanuni zake na nimeona zinafanya kazi. Rangi ya chuma iwe moja. Anza na pazia, kwa sababu jicho huliona hilo kwanza. Bafu dogo likikushinda, ongeza kioo. Nilifunga kioo kikubwa nyumbani kwa walimu wawili wenye chumba cha kuogea kisichotosha mtu na kivuli chake, na mke alisimama mlangoni akasema, "Kumbe tuna nafasi!" Mumewe akasema, "Na kumbe nina kitambi." Kwa hiyo kioo nacho kina mambo yake, kama mtakavyoona.

Sasa niwaambie habari ya kijijini Kinampanda, maana ndiyo iliyonifanya fundi, kama kweli nimekuwa fundi.

Mama Neema alitoka huko akaja dukani na picha kwenye simu. Ilikuwa bafu jeupe la mahali fulani pasipo na vumbi: kulabu nne zimepangwa mstari mmoja, taulo nne za rangi mbalimbali zinaning'inia, na kwenye ukuta wa pili kuna kioo kirefu juu ya sinki, taulo zote zinaonekana tena humo ndani. Alitaka hivyo hivyo.

"Bafu lipo," alisema. "Baba Neema amelijenga ndani ya nyumba, lina maji, lina choo cha kukaa. Lakini limekaa kama stoo. Nataka babu akiingia aone ni mahali pa mtu."

Babu ni Mzee Yohana, baba mkwe wake, ambaye nyumba nzima humwita hivyo kwa ajili ya mtoto. Alikuwa ameanguka kwenye bafu la zamani la uani, lenye jiwe linaloteleza, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Baba Neema ni dereva wa lori, yuko njiani muda mwingi. Akajenga bafu la ndani haraka haraka, akaondoka. Na Mama Neema alikuwa na jambo lingine lililomkaa rohoni.

"Wifi yangu Ruthi yuko Manyoni," alisema. "Ametuambia wazi, babu akianguka tena anamchukua akakae kwake. Babu hataki. Bibi tumemzika pale pale nyuma ya nyumba, na kila asubuhi babu anakwenda kumsalimia kabla hajanywa uji. Ukimpeleka Manyoni umemmaliza. Kwa hiyo Mwalimu, hilo bafu lazima alipende."

Mnaweza kufikiri maneno kama hayo yalimfanyia nini mtu kama mimi. Nilikwenda Kinampanda kupima, nikapima hadi vitu ambavyo havipimwi. Mzee Yohana nilimkuta ameketi barazani amevaa pama yake, kofia ya ukindu yenye ukingo mpana, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umetokea wapi?"

"Mjini, babu. Ila kwetu ni Ilongero."

"Eh, binti Mnyaturu!" Akafurahi, maana Mnyiramba akimpata Mnyaturu amempata mtani. "Umekuja kufanya nini kwa watu waliostaarabika?"

Nilimwomba asimame, anyooshe mkono kama anayeshika kitu, nikapima kutoka kiganja hadi sakafuni ili nijue pa kufunga chuma cha kujishikia. Akaniangalia na futi yangu.

"Unanipima jeneza?"

"Hapana babu! Ni chuma cha kushika ukiwa unaoga."

"Afadhali. Mnyaturu akikupima ujue kuna jambo."

Nilipima pia urefu wa kioo, nikapima anapofikia akiwa ameketi, nikauliza mkono gani una nguvu, anaona vizuri kwa jicho lipi. Hamisi alikuja kunisaidia kufunga. Chuma cha kujishikia tulikifunga kwa bolti zinazofika ndani kabisa ya tofali, nikaning'inia mwenyewe kukijaribu. Tukafunga kioo, kisahani cha sabuni, kishikio cha karatasi, rafu ya pembeni, pazia jeupe, na kulabu nne mstari mmoja ukutani, zikitazamana na kioo, kama kwenye picha. Mama Neema akatundika taulo jipya la bluu la babu, la kijani la mumewe, lake la waridi na kanga yake juu yake, na kijitaulo cha Neema chenye picha ya bata. Bafu lilipendeza. Tulipiga picha, na Mama Rehema akawa anaonyesha kila mteja. Babu aliingia na fimbo, akashika chuma, akakitikisa, akasema, "Kigumu." Tukaondoka tumeridhika. Mimi niliridhika hadi tulipofika Kiomboi, kisha nikaanza kuwaza bolti.

Haikupita muda mrefu simu ikaita dukani. Alikuwa Mama Neema, anaongea kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, babu haogi ndani."

"Haogi kabisa?"

"Anaoga. Anarudi kule kule uani, kwenye jiwe. Anachukua ndoo anakokota na mguu ule. Nikimwambia babu, maji ya ndani yapo, anasema asante mama, nitaingia kesho. Kesho haifiki. Na majirani wameanza kusema nimemfukuza. Kwamba nimejenga bafu la wageni wa Dodoma na mzee anaoga na kuku. Maneno yamefika Manyoni. Wifi anakuja Jumamosi."

Niliweka simu chini na kichwa changu kikaanza kazi yake. Sakafu inateleza. Chuma kina baridi. Maji ya bomba la mvua yanamwagika kwa nguvu yanamtisha. Umeme unavuja kidogo kwenye koki na yeye hasemi. Mlango unafungukia upande mbaya wa nyonga. Harufu ya gundi ya silikoni. Kioo kinamwonyesha uzee wake. Rangi nyeupe inamkumbusha hospitali! Hii ya mwisho niliipenda sana, nikaamini ndiyo. Nikabeba zulia la mpira la bafuni, kipima umeme, pazia la maua, na kigoda cha plastiki, nikasafiri.

Nilipofika nilijifungia bafuni. Nilimwaga maji sakafuni nikatembea kama mtu mwenye nyonga mbovu, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Nilishika chuma nikajiinamisha. Nilipima koki umeme. Nilikaa chooni nikainuka, nikakaa nikainuka. Nilipofungua mlango Mama Neema alikuwa amesimama pale na mwiko.

"Mwalimu, unacheza ngoma?"

"Nafanya uchunguzi."

"Haya. Ukimaliza kuna ugali."

Kila kitu kilikuwa sawa. Chuma kigumu, sakafu haitelezi, umeme haupo. Nikaketi kwenye kile kigoda cha plastiki nikitazama vitu vyangu kimoja kimoja, na hapo nikaona sabuni. Ilikuwa kwenye kisahani nilichofunga mimi, na maandishi yake ya kiwandani yalikuwa bado yamesimama, herufi kwa herufi. Sabuni ya nyumba ya watu wanne. Nikagusa taulo. La babu kavu, sawa. La baba Neema kavu, yuko safarini. La Mama Neema kavu pia, bado lina ile mikunjo ya dukani. Kijitaulo cha bata peke yake ndicho kilikuwa kibichi, na mtoto hujimwagia maji tu, sabuni haimhusu.

Sikuelewa, lakini nilijua kwamba nilichokuwa nakitafuta hakikuwa kwenye bolti.

Nilitoka uani. Bafu la zamani ni ukuta wa matofali unaoishia kifuani, hauna paa, na jiwe bapa katikati lenye ukijani wa maji. Juu ya ukuta lilikuwa limetupwa taulo la zamani la kahawia, na kutoka ndani nilisikia kata ikigonga ndoo. Nilisimama mbali, nikageukia upande wa zizi, nikasubiri. Babu alitoka amevaa, pama kichwani, taulo begani, fimbo mkono mmoja na mkono mwingine ukitambaa ukutani. Alikanyaga ukingo wa jiwe. Nilimkimbilia nikamshika kiwiko.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu wa Ilongero. Umerudi kunipima?"

Tuliketi kwenye gogo la kukatia kuni. Nilikuwa nimeandaa maswali mengi yenye adabu, moja likimzunguka jingine, lakini kwa kumwona alivyohema yote yakanitoka.

"Babu, bafu nililofunga halikupendezi?"

"Ni zuri sana."

"Sasa mbona huingii?"

Alijifuta masikio kwa taulo. "Kila nikienda lina mtu."

"Mtu gani babu? Mchana kutwa mko wawili."

"Kwenu Ilongero mna bafu la uani?"

"Lipo."

"Ukitaka kuoga unajuaje kama kuna mtu?"

Nilijibu bila kufikiri, jambo ambalo kwangu ni nadra. "Naangalia ukutani. Nguo ikining'inia, kuna mtu."

"Basi," akasema babu.

Akangoja niifuate maana yake mwenyewe. Alipoona sifiki, akanihurumia.

"Nafungua mlango, nakuta kanga ya mkwe wangu imening'inia. Nafunga, naondoka. Narudi baadaye, ipo. Kesho yake, ipo. Ninajua hayumo, mimi si mwehu, namsikia jikoni anamfokea mbuzi. Lakini mguu unakataa. Baba yangu alinifundisha kwamba nguo ya mke wa mwanao ukiiona ukutani, geuka. Sasa mle ndani nikigeuka nakutana na kioo chako, na kanga imo humo pia! Niambie wewe uliyesoma, niangalie wapi?"

Nilijaribu kuzuia kicheko nikashindwa, naye akacheka hadi akashika nyonga.

"Si ungemwambia Mama Neema aziondoe?"

"Nimwambieje mkwe wangu habari za nguo zake? Nianzie wapi? Hata Elia mwanangu, mumewe, siwezi kumwambia. Wewe nakwambia kwa sababu ni mtani, na mtani hana aibu." Kisha kicheko kikamwisha. "Ruthi anakuja. Namjua mwanangu, ataniweka kwenye basi. Na yule," akaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lililopakwa chokaa, "atabaki na nani?"

Nilikwenda jikoni. Mama Neema alikuwa anasonga ugali na hakugeuka.

"Amesema nini?"

Sikujua namna ya kumfikishia mkwe maneno ya baba mkwe kuhusu kanga yake. Nikaanza na upande mwingine.

"Mama Neema, sabuni ya mle ndani bado ina maandishi."

Mwiko ulisimama. Kisha ukaendelea, taratibu.

"Naoga kwa Mama Joisi," alisema.

"Kwa jirani? Tangu lini?"

"Tangu mlipofunga. Mwalimu, taulo la babu liko pale, limenikodolea. Nitavuaje nguo mbele ya taulo la baba mkwe wangu?" Akafunika uso kwa upande wa kanga. "Nilisema nitazoea. Nikasema pia nikimwachia bafu lote ataona nafasi ni yake."

"Yeye naye anakuachia wewe. Akiona kanga yako anajua umo."

Alinitazama. Akaketi kabisa juu ya kigoda na mwiko wake akacheka, machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo Baba Neema ameendesha lori hadi mpakani, na bafuni anaoga Neema peke yake!"

Hapo ndipo nilipoielewa ile picha ya kwenye simu. Zamani, katika nyumba zetu, taulo lilikuja begani kwa mwenyewe na kuondoka begani kwa mwenyewe. Likiwa ukutani lilikuwa linasema neno, na kila mtu mwenye adabu alilisoma kutoka mbali. Sisi tukalipatia taulo mahali pa kudumu, tukatundika neno hilo asubuhi hadi jioni mbele ya watu wawili waliolelewa kuliheshimu. Mimi pia nimelelewa hivyo. Mama Neema pia. Tulikaa na simu kichwa kwa kichwa tukichagua rangi za taulo, na hakuna aliyekumbuka.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Nilizitoa kulabu zote nne. Moja nikairudisha ndani, karibu na chuma cha kujishikia, mkono wa babu unapofika: hiyo ni ya taulo la mtu aliyemo, na akitoka anatoka nalo. Nyingine niliifunga nje, kwenye ukuta wa ukumbini kando ya mlango, kwa ajili ya nguo ya juu ya mtu aliyeingia. Kioo sikukigusa. Kilibaki kinatazamana na ukuta mtupu, na bafu likaonekana kubwa zaidi kuliko kwenye picha.

Matundu yaliyobaki, kama mtahitaji: toa plagi kwa koleo, usiigongee ndani. Koroga saruji nyeupe iwe nzito kama uji wa mtoto, jaza, futa kwa kitambaa kibichi kabla haijakauka. Ukitazama kwa pembeni utayaona. Mimi nayaona hata nikiwa sijayatazama.

Nilimweleza babu mbele ya Neema, ambaye yuko darasa la kwanza, kwa sababu nilihofia kulisema jambo hilo mbele ya mama yake. "Babu, ukiingia, tundika kofia hapa nje."

"Na wengine?"

"Mama atatundika kitenge chake cha jikoni. Neema sweta."

"Na atakayesahau nguo yake ikabaki?"

"Nitamfokea!" alisema Neema, na kwa sura yake nilijua kwamba sheria imepata askari.

Babu aliizunguka ile kulabu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Siku hiyo hakuoga ndani. Wala iliyofuata. Nilikuwa nimebaki hapo nikisema nasubiri saruji ikauke, ingawa saruji ilikuwa imekauka. Mama Neema aliingia siku ile ya kwanza, kitenge kikiwa nje, akatoka ananukia sabuni na anatazama chini. Babu alikuwa ameketi ukumbini. Alikiona kitenge kikitundikwa, akakiona kikiondolewa.

Jumamosi Shangazi Ruthi alishuka kwenye gari akiwa na begi na vumbi la njia nzima. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kanisani. Wote tulimwamkia. Hakuketi.

"Baba yuko wapi?"

Mama Neema alifungua mdomo, lakini wifi yake alishapita. Alikwenda moja kwa moja uani, nasi nyuma yake, hadi bafu la zamani. Ukuta ulikuwa mtupu. Akachungulia ndani. Kuku wawili walikuwa juu ya jiwe wakinywa maji yaliyotuama.

"Nimeuliza, baba yangu yuko wapi? Mmempeleka wapi?"

Mama Neema alielekeza kwa midomo, kuelekea ndani ya nyumba. Ruthi akarudi kwa hatua ndefu, akaingia ukumbini, akainua mkono kugonga mlango wa bafu.

"Shangazi!" Neema alipiga kelele. "Kuna mtu!"

Mkono ulibaki hewani. Kwenye kulabu, usawa wa macho yake, ilikuwa inaning'inia pama ya babu, ukingo umelegea upande anaoushikia kila siku. Kutoka ndani tulisikia maji yanamwagika, na mtu anakohoa, na mtu huyo huyo anaimba wimbo wa kanisani kwa Kinyiramba, ubeti mmoja tu, anaurudia. Kisha maji yakasimama.

"Nani huyo mlangoni?"

"Ni mimi, baba. Ruthi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Umechoka na safari?"

"Nimechoka, baba. Vumbi limeniingia hadi masikioni."

"Basi ngoja zamu yako."

Maji yakafunguliwa tena. Ruthi alimtazama Mama Neema, Mama Neema akatazama sakafu, mimi nikatazama kulabu yangu. Kisha Ruthi akavuta kigoda, akaketi chini ya ile kofia, akafungua kilemba chake, akakikung'uta vumbi na kukikunja juu ya magoti, tayari kwa kukitundika.

Huwa nasikia mafundi wakimwuliza mteja anapenda rangi gani. Ulizeni, ni adabu. Lakini kabla hamjabandika ule utepe wa karatasi ukutani, ulizeni pia nani anaingia baada ya nani, na anajuaje kwamba hakuna mtu. Watawashangaa. Wengine watacheka. Subirini jibu.

Zile kulabu mbili zilizobaki Mama Neema alinipa, akisema hataki hata kuziona. Nimezifunga kwenye begi langu la Nduguti, pamoja na plagi zake. Nimeambiwa nyumba ya walimu ina bafu moja na nitalitumia pamoja na mwalimu mkuu na mkewe. Moja nimeshajua itakaa wapi. Ya pili bado naifikiria.